London, Colle au Torre: ufunguzi upi wa kitunda cha malkia ujifunze kwa michezo ya magwiji?

Katika sataranji (chess), anayefungua kwa 1.d4, yaani kwa kusukuma kitunda cha mbele ya malkia, kisha asisukume c4 huambiwa mara nyingi kwamba anakwepa kazi. Kuna ukweli kidogo hapo. Gambiti ya Malkia, yaani d4 ikifuatwa na c4, imeandikiwa vitabu juu ya vitabu, na mchezaji wa kawaida hana muda wa kuvimaliza. Funguzi tulivu kama London, Colle na Torre zinampa mpangilio mmoja anaoweza kuutumia dhidi ya karibu kila jibu la Mweusi. Tatizo ni kwamba utulivu huo unadumu kama hatua kumi tu. Baada ya hapo kete zote ziko nje, mfalme kaingia ngomeni, na wewe umekaa unatazama ubao hujui unatafuta nini. Orodha ya hatua haisaidii tena hapo. Kinachosaidia ni kuwa umeshaona watu wanaojua wakicheza nafasi kama hiyo.

Kwa hiyo ulinganisho huu hauulizi ufunguzi upi una nguvu zaidi. Injini ya kompyuta itakuambia kwamba Mweusi akicheza vizuri yuko sawa, au karibu na sawa, katika zote tatu. Naulizia kitu kingine: ukitaka kujifunza kwa kusoma michezo ya magwiji, ufunguzi upi utakufundisha nini, na upi una michezo inayosomeka? (Hatua nimeziandika kwa herufi za Kiingereza, kama zinavyoonekana katika hifadhi za michezo: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, na kitunda hakina herufi; x ni kula, + ni shah, yaani kumtishia mfalme, O-O ni mfalme kuingia ngomeni, na nukta tatu ni hatua ya Mweusi.)

Kinachotenganisha mifumo hii ni swali moja: askofu wa c1 anakwenda wapi? Ukiweka vitunda d4 na e3, kile cha e3 kinamfungia askofu huyo mlango. London humtoa hadi f4 kabla ya kusukuma e3. Torre humtoa hadi g5 amsumbue farasi wa f6. Colle humwacha ndani, kwa matumaini kwamba kitunda cha e kitafika e4 na kumfungulia njia baadaye. Tofauti ya mraba mmoja au miwili, lakini karibu kila kitu kinachofuata kinatoka hapo.

Colle: askofu anabaki nyumbani

Edgard Colle alikuwa Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1897 na kufariki mwaka 1932, akiwa na miaka 34 tu. Afya yake ilikuwa mbaya kwa muda mrefu, ila hiyo haikumzuia kushinda Scarborough mwaka 1930 mbele ya magwiji Maróczy na Rubinstein. Mpangilio wake ni huu: d4, Nf3, e3, Bd3, c3, Nbd2, mfalme anaingia ngomeni, ngome inakwenda e1, kisha e4. Mpango mzima umejengwa kwa ajili ya hatua hiyo moja ya mwisho.

Mchezo wa kuanzia ni Colle dhidi ya O'Hanlon, Nice 1930. Ninaona ndio mchezo mmoja unaoeleza mfumo mzima kuliko mwingine wowote. 1.d4 d5 2.Nf3 Nf6 3.e3 c5 4.c3 e6 5.Bd3 Bd6 6.Nbd2 Nbd7 7.O-O O-O 8.Re1 Re8 9.e4. Hapa ndipo mlango unapofunguka. Baada ya 9...dxe4 10.Nxe4 Nxe4 11.Bxe4 farasi wa f6 ameshaondoka, kwa hiyo h7 haina mlinzi zaidi ya mfalme mwenyewe. O'Hanlon akala d4, na Colle akapiga 12.Bxh7+. Mfalme akachukua, farasi akaruka g5 kwa shah, mfalme akatoka hadi g6, kisha h4, kisha ngome ikala e6, na Mweusi akakubali kushindwa kwenye hatua ya 20.

Kafara hilo limechambuliwa kwa miaka mingi na lina mabishano yake. Mwanafunzi asiishie hapo. Rudi utazame hatua ya 18. Mfalme mweusi amesukumwa hadi h6, na Mweupe anacheza Nxf7+. Ni shah mbili kwa pamoja: farasi anampiga mfalme kutoka f7, na nyuma yake askofu wa c1 anampiga kwa mshazari uliofunguka. Askofu yule yule aliyefungiwa. Hakusogea hata mara moja mchezo mzima, na bado yumo ndani ya shambulizi, kwa sababu kitunda cha e3 kilikwenda e4 na farasi wa d2 alishaondoka. Ukishaliona hilo, unaelewa kwa nini Colle hakuona haraka ya kumtoa.

Hii ndiyo sifa kubwa ya Colle kwa mtu anayejifunza kwa michezo: sababu na matokeo viko karibu. Mpango unaanza hatua ya 9, adhabu inakuja hatua ya 12, mchezo unakwisha ya 20. Mchezaji asiye na uzoefu anaweza kuushika wote kichwani.

Ubaya wake unatoka hapo hapo. Michezo hii mingi ni ya miaka ya 1920 na 1930, na wapinzani waliupa mfumo kila ulichotaka. Leo Mweusi ana majibu mawili yanayoudhi. La kwanza ni kumtoa askofu wake f5 mapema, 1.d4 d5 2.Nf3 Nf6 3.e3 Bf5, na hapo Bd3 inaleta mabadilishano tu. Dawa ni kuacha ukaidi na kucheza 4.c4, ukifuatisha Qb3 kugusa b7. Ila sasa umeshatoka kwenye Colle, na lazima uwe tayari kwa hilo. La pili ni ...g6. Askofu wa d3 anayeangalia h7 anakutana na kitunda cha g6, na ndoto zote za kafara zinakwisha.

Colle ina ndugu, ile ya b3 na Bb2, inayoitwa kwa jina la Zukertort. Humo askofu wa c1 anapata kazi kwenye mshazari mrefu, farasi anakaa e5, na mara nyingi f4 inafuata. Mchezo wa Zukertort dhidi ya Blackburne, London 1883, ulianza kwa 1.c4 na hauingii moja kwa moja kwenye mfumo huu, lakini askofu wa b2 anavyokuja kushiriki mwishoni, pamoja na kafara la malkia la 28.Qb4, ni somo tosha la kazi ya askofu huyo. Kumbuka tu kwamba bila c3, farasi mweusi anaweza kuruka b4 na kumfukuza askofu wa d3. Wengi huweka a3 kwa sababu hiyo. Kwa aliyechoka kuona askofu wa c1 akilala, hii ni njia ya kati, na wachezaji wakubwa kama Artur Yusupov wameitumia.

London: askofu anatoka kwanza

Jina lilitokana na mashindano ya London ya mwaka 1922, ingawa askofu wa f4 alikuwa ameshachezwa kabla ya hapo. Katika mashindano hayo Alekhine alimshinda Euwe kwa mpangilio huu dhidi ya ...g6, na ni mchezo mzuri wa kuanza nao kwa sababu unaonyesha kitu ambacho Colle haikiwezi: dhidi ya ...g6 Mweupe wa London anaendelea tu. Kitunda kidogo cha h3 kinampa askofu pa kurudi, h2, farasi mweusi akimfuata kwa ...Nh5. Askofu mwingine halazimiki kwenda d3. Alekhine alimweka c4.

Baada ya hapo mfumo ulikaa miongo mingi ukidharauliwa. Gata Kamsky aliucheza kwa imani wakati wengine wakiucheka, kisha Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wakati huo, akauchukua, na mwaka 2023 huko Astana, kwenye mchezo wa sita wa kugombea ubingwa wa dunia, Ding Liren akamshinda Ian Nepomniachtchi nao kwa hatua 44. Kwa hiyo ukitafuta michezo ya London utaipata kwa wingi, tena ya kiwango cha juu kabisa.

Na hapo ndipo tatizo lilipo, ingawa wengi wanaliona kama faida. Chukua Carlsen dhidi ya Tomashevsky, Wijk aan Zee 2016. Ni mchezo mzuri sana. Mweupe anaweka kila kitu mahali pake: Bf4, e3, h3, Bd3, c3, Nbd2, Qe2. Kisha, kwenye hatua ya 13 na 14, anawabadilisha maaskofu wote wawili: yule wa d3 anakula farasi kwenye g6, yule wa f4 anabadilishwa kwenye d6. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba London ni ufunguzi wa askofu wa f4 anabaki anajiuliza: mbona anambadilisha? Jibu linakuja hatua inayofuata, 15.Ne5. Mabadilishano yote yalikuwa kwa ajili ya mraba wa e5, farasi akae pale na Mweusi asiwe na kete ya kumwondoa kwa urahisi. Tomashevsky akasukuma g5 kuzuia f4, Carlsen akacheza 16.f4 hivyo hivyo, na baada ya 16...gxf4 hakuwa na haraka ya kula. Alirudisha ngome f1 kwanza. Muda mfupi baadaye malkia wote wakaondoka, ngome nyeupe ikaingia d7, na Mweusi akakubali kushindwa baada ya hatua ya 30 katika nafasi ambayo mchezaji wa klabu angeweza kusema haijaisha.

Unaona tofauti? Kwa Colle unaona shambulizi na mati. Kwa Carlsen unaona e5, halafu safu ya d, halafu vitunda dhaifu vya Mweusi upande wa malkia, halafu kimya. Kila hatua ina sababu, ila sababu hizo zimefichika, kwa kuwa mpinzani naye anajua anachofanya na anazuia vitisho kabla havijaonekana ubaoni. Ni michezo ya kusomwa polepole, na ukiipitia kwa kubonyeza mshale wa kusonga mbele hutabakiza chochote.

Ule wa Ding wa 2023 nao ni wa aina hiyo hiyo, pamoja na kwamba ulimalizika kwa wavu wa mati kumzunguka mfalme. Mapema Mweusi alikula d4, Mweupe akarudisha kwa kitunda cha e, na muundo ukawa: Mweupe ana safu ya e iliyofunguka nusu, Mweusi ana ile ya c. Askofu wa f4 akabadilishwa kwenye d6 mapema tu. Muundo huu unatokea mara nyingi sana katika London kuliko mashambulizi ya kupendeza unayoyaona kwenye video, na ndio ninaoshauri uujue kuliko mwingine wote. Ngome e1, farasi e5, na kitunda cha a kikisukumwa kupata nafasi upande wa malkia: hayo matatu yatakufikisha mbali.

London inasifiwa kuwa salama, na ni kweli, lakini askofu akishatoka, b2 inabaki peke yake. Mweusi anayejua hukimbilia ...c5 na ...Qb6. Tazama: 1.d4 d5 2.Bf4 c5 3.e3 Nc6 4.c3 Qb6 5.Qb3 c4 6.Qc2 Bf5! Malkia mweupe akila f5, Mweusi anakula b2 na ngome ya a1 haina pa kukimbilia. Inabidi kurudi 7.Qc1, jambo linalouma kidogo kwa mtu aliyeambiwa kwamba ufunguzi wake haupigwi. Wanaopanga vizuri huchelewesha c3, na katika baadhi ya mikondo hucheza Nc3 badala yake. Tafuta michezo yenye ...Qb6 kabla ya kutafuta ile mizuri.

Torre: askofu anamtafuta farasi

Carlos Torre Repetto, mzaliwa wa Mérida huko Mexico, aliacha mashindano makubwa mwaka 1926 kwa sababu ya afya, kwa hiyo michezo yake mwenyewe si mingi. Ila mmoja unatosha kubeba jina: Torre dhidi ya Emanuel Lasker, Moscow 1925. Lasker alikuwa ameshika ubingwa wa dunia kwa miaka 27. Mchezo ulianza 1.d4 Nf6 2.Nf3 e6 3.Bg5, na ukafika kwenye 25.Bf6, ambapo Mweupe anamwachia malkia wake kwenye h5. Lasker akala. Ngome ikala g7 kwa shah, kisha ikaanza kuzunguka kama kinu: inakula f7, inarudi g7, inakula b7, inarudi g7, na kila inaposogea askofu wa f6 anampiga shah mfalme aliyeko h8. Kinu kiliposimama, Torre alikuwa amemrudisha malkia na amebaki na vitunda vya ziada.

Ni mchezo wa kufurahisha, ila kama somo la ufunguzi nauona hautoshi. Kinu hakikutoka kwenye mpango wa Shambulizi la Torre. Kilitoka kwenye kosa la Lasker la 24...Qb5 katika vurugu ambayo yeyote angeweza kuipoteza. Katikati ya mchezo askofu wa g5 alikuwa amerudi hadi c1! Anayetaka kuelewa Torre kama mfumo afuate zaidi michezo ya Tigran Petrosian, bingwa wa dunia kuanzia 1963 hadi 1969. Huko utaona kubana kwa polepole, pamoja na uamuzi unaojirudia kila mara: je, nimpe askofu wangu kwa farasi wa f6, au nirudi h4?

Swali hilo ndilo linaloifanya Torre iwe ngumu kuliko wenzake wawili. Mweusi akisukuma ...h6 unaamua papo hapo. Akicheza 3...c5 4.e3 Qb6, b2 inaguswa, na jibu la kawaida ni 5.Nbd2, ukimwachia kitunda: 5...Qxb2 6.Bd3, na unacheza kwa kasi na nafasi wakati malkia wake anatafuta njia ya kurudi. Dhidi ya 2...d5 3.Bg5 anaweza kuruka Ne4 mara moja na kumsumbua askofu wako. Torre haina mpangilio wa kuweka macho yakiwa yamefumba, na mimi naihesabu hiyo kuwa sifa. Mtu anayeicheza analazimika kufikiri kuanzia hatua ya tatu.

Ukuta wa Mawe, yaani d4, e3, f4 na c3, nautaja tu. Shambulizi lake ni rahisi kulielewa, lakini mraba wa e4 unabaki tundu la kudumu na askofu wa c1 anafungiwa kuliko hata kwenye Colle. Trompowsky, 2.Bg5, ambayo Carlsen aliichezea mchezo wa kwanza dhidi ya Karjakin huko New York mwaka 2016, haina utulivu wa kuitwa tulivu.

Namna ya kuisoma michezo yenyewe

Hifadhi za michezo zina maelfu, na hapo ndipo watu wanapopotea. Chagua michezo kama kumi na tano ya ufunguzi mmoja na uifahamu, badala ya mia tano uliyoipitia. Kati ya hiyo, angalau mitano iwe ile ambayo Mweupe alishindwa au alitoka sare. Mikusanyo mingi huweka ushindi wa Mweupe peke yake, na ukisoma hiyo tu utaamini kwamba e4 ya Colle haizuiliki.

Funika hatua za Mweupe kuanzia ya 8 hivi na ujaribu kuzikisia. Usijali kama hukupata. Kinachohitajika ni uandike ulichotaka kucheza na kwa nini, kisha ulinganishe. Injini iwashwe mwisho, ukishamaliza kuandika. Ukiiwasha mwanzoni itakuambia hatua bora, na hutajua kamwe Colle alikuwa anawaza nini.

Uchague upi?

Ushauri wangu haufuati kawaida: soma Colle, cheza London. Anza na michezo kadhaa ya miaka ya 1920 na 1930, kwa kuwa inaonyesha wazi kafara la h7, kazi ya farasi wa e5 na nguvu ya kusukuma e4. Mambo hayo yote matatu yanaishi ndani ya London pia, ila huko yamefichwa na wapinzani wanaojua kujilinda. Aliyeyaona kwanza kwa Colle atayatambua kwa Carlsen. Anayeanza na Carlsen moja kwa moja mara nyingi anaishia kunakili piramidi ya c3, d4 na e3 bila kujua ilijengwa kwa ajili gani.

Kama unapenda kushambulia na wapinzani wako wengi hucheza ...d5 na ...e6, unaweza kubaki na Colle yenyewe bila aibu yoyote, alimradi uwe na 4.c4 mfukoni dhidi ya ...Bf5. Kama hupendi kucheza mpangilio ule ule kila mara na unavumilia kupoteza kitunda cha b2 kwa ajili ya kasi, Torre itakufaa kuliko zote mbili, na utasoma Petrosian kwa sababu nzuri.

Na uchague upi wowote, michezo ya kwanza kuitafuta iwe ile ambayo Mweusi alicheza ...Nf6, ...g6 na ...Bg7. Ndiyo nafasi utakayokutana nayo sana, na ndiyo isiyopewa nafasi katika mikusanyo mingi kwa sababu haina kafara la kupendeza.